Koleo la mfukoni: lipi linafaa kununuliwa, na namna ya kulijaribu likiwa bado jipya

Koleo la kwanza la mfukoni nililonunua, yaani kifaa cha kukunja chenye koleo, kisu, bisibisi na zana nyingine ndani ya mpini, liliandikwa kwenye boksi lake kwamba lina zana 21. Niliiamini hesabu ile. Siku ya tatu nikiwa nimepiga magoti chini ya sinki, nimebana nati iliyoshikwa na kutu, nilikaza mkono na ncha moja ya koleo ikakatika kwa mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Pale lilipovunjika, chuma kilionekana cha kijivu chenye chembechembe kubwa kama chumvi ya mawe, dalili ya chuma kisichopikwa vizuri kiwandani. Kiganjani nilibaki na mistari miwili myekundu ya kingo za mpini. Zana 20 zilikuwa bado nzima, lakini hazikunisaidia kitu, kwa sababu nilichohitaji ni koleo.

Tangu siku hiyo sihesabu zana. Nikishika kifaa kipya nauliza mambo matatu tu: koleo lake linabana kweli? Bisibisi yake inaingia vizuri kwenye skrubu? Na je, uzito wake utaniruhusu kutembea nacho kila siku? Kisu, msumeno, tupa na kifungua chupa vinafuata baada ya hapo. Nafasi nilizopanga hapa chini zimetokana na maswali hayo.

Kwanza, namna ya kulijaribu

Funga taya za koleo kisha uzielekeze kwenye mwanga. Ncha zinatakiwa zikutane kabisa. Nyuma ya ncha ukiona mwanya mwembamba si tatizo, kwani makoleo mengi mazuri hutengenezwa hivyo ili ncha zibane kwanza. Mwanga ukipenya kwenye ncha zenyewe, lirudishe. Jaribio zuri zaidi ni unywele mmoja: uweke juu ya meza, uubane kwa ncha, uuvute. Ukiteleza, koleo hilo halitaweza kuchomoa mwiba wala kushika pini nyembamba.

Kisha shika mpini mmoja kwa kila mkono na uzitikise taya kwa upande, si kwa kufungua na kufunga. Kuchezacheza kidogo huvumilika. Ukisikia "tak-tak", pini ya kiungo imelegea, na pini ndiyo roho ya kifaa chote. Sababu ni hii: koleo ni wenzo. Mkono ukibana mpini sentimita 8 kutoka kwenye pini, na waya ukiwa sentimita 1 upande wa pili, nguvu yako inaufikia waya ikiwa imezidishwa mara 8. Waya huohuo ukiusogeza hadi kwenye ncha, tuseme sentimita 3 kutoka kwenye pini, unapata chini ya mara 3. Ndiyo maana makali ya kukatia waya hukaa ndani kabisa, karibu na kiungo, na ndiyo maana pini ile inabeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Kata waya ukiwa umeusukuma hadi mwisho, na usikate waya mgumu wa springi kama makali yako hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Shaba na alumini hazina shida. Waya wa springi unaacha pengo kwenye makali, na pengo hilo haliondoki.

Sasa bana kitu kigumu kwa nguvu zako zote, kwa sekunde kumi, halafu fungua kiganja ukitazame. Alama nyepesi ni kawaida. Ukiona mifereji inayouma, fikiria kazi ya nusu saa itakuwaje. Watengenezaji wengine hukunja bati la mpini likawa na kingo kali upande wa nje pindi koleo linapofunguliwa, na hili huwezi kuliona kwenye picha.

Bisibisi ya nyota inastahili dakika zako tatu. Ncha kamili ina mbawa nne zinazojaa kwenye msalaba wa skrubu. Vifaa vingi vya kukunja, ili kuokoa nafasi, hukata bati bapa likawa na umbo la ncha ya nyota likitazamwa kwa upande mmoja tu, kwa hiyo linagusa mbawa mbili kati ya nne. Kwa skrubu iliyolegea linatosha. Kwa skrubu iliyokaza linateleza, na kila likiteleza linakula kichwa cha skrubu hadi kinabaki shimo la duara. Saizi ya ncha ya nyota inayokutana na skrubu nyingi za nyumbani huandikwa PH2, basi tafuta skrubu ya saizi hiyo, ifunge nusu kwenye mbao ngumu, uifungue, urudie mara kumi. Kichwa cha skrubu kitakwambia ukweli.

Kwa kisu, kata karatasi ya gazeti kutoka ukingoni. Kikichana badala ya kukata, kinahitaji kunolewa, jambo ambalo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni loki isiyoshika. Fungua kisu hadi kilie "klik", ondoa vidole kwenye njia ya makali, kisha ukandamize mgongo wa kisu taratibu kwenye mbao. Kikianza kujikunja, usikinunue hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Na ufungue zana moja moja uone kama jirani zake zinatoka nayo. Zikitoka tatu kwa pamoja leo kifaa kikiwa kipya, utachoka nazo kabla ya mwezi kuisha.

Nafasi ya kwanza: Victorinox SwissTool Spirit X

Kampuni hii ya Uswisi ilianza na karakana ya Karl Elsener mwaka 1884 huko Ibach, na visu vyake vyekundu vinajulikana kila kona. Spirit ni koleo lake la ukubwa wa kati: likifungwa lina milimita 105, na uzito wake ni karibu gramu 210. Kinachonifanya niliweke juu ni namna lilivyotengenezwa. Zana zote zinafunguliwa kwa nje huku koleo likiwa limefungwa, kila moja ina springi yake, na kila moja inashika loki. Ukivuta mkasi, unatoka mkasi peke yake. Mpini una mviringo unaokaa kiganjani hata ukibana kwa nguvu, na ncha za koleo ni nyembamba kiasi cha kushika unywele ule wa mezani bila kubahatisha. Mkasi wake, kwa maoni yangu, ndio bora kuliko mikasi yote niliyojaribu kwenye vifaa vya aina hii.

Kasoro zipo. Ncha za bisibisi hazibadilishwi, kwa hiyo ukikutana na skrubu ya umbo lisilo la kawaida umekwama. Makali ya kukatia waya nayo ni ya kudumu, yakipata pengo umeishi nalo. Kisu chake hufunguliwa kwa ukucha, na mwenye mikono yenye mafuta au glavu atasumbuka.

Nafasi ya pili: Leatherman Wave+

Kama kazi zako nyingi ni skrubu na waya, geuza mpangilio wangu, hili liwe la kwanza. Tim Leatherman alipata wazo la kuunganisha koleo na kisu akiwa safarini Ulaya mwaka 1975 na gari kuukuu la Fiat lililomsumbua njia nzima, na koleo lake la kwanza liliingia sokoni mwaka 1983. Wave+ ya leo ina gramu 241, urefu wa sentimita 10 ikifungwa, na zana 18. Visu viwili, msumeno na tupa vinakaa nje, na visu unavifungua kwa kidole gumba cha mkono mmoja huku mwingine umeshika kamba. Makali ya kukatia waya yanafunguliwa na kubadilishwa yakiharibika, jambo ambalo kwa fundi wa umeme lina uzito wake. Dhamana ya kiwanda ni miaka 25.

Ncha za bisibisi zinabadilishwa, lakini ni bapa na za umbo la kampuni hiyohiyo. Zile za kawaida zenye pembe sita, za milimita 6.35, haziingii bila kununua kiunganishi kando. Koleo halina springi ya kujifungua, kwa hiyo kwenye kazi ya kubana na kuachia mara nyingi vidole vinachoka. Na gramu 241 mfukoni utazisikia. Suruali nyepesi inavutwa chini upande mmoja, na hapo ndipo watu wengi huanza kuliacha nyumbani.

Nafasi ya tatu: Leatherman Skeletool

Gramu 142, zana 7. Koleo, kisu, bisibisi ya kubadilisha ncha, kifungua chupa ambacho pia ni ndoano ya kuning'iniza, basi. Hakuna mkasi, msumeno wala tupa. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani limepungukiwa. Nililibadilishia mawazo baada ya kukaa nalo, kwani ndilo koleo kubwa ninalolisahau kwamba liko mfukoni hadi nilihitaji. Mtu asiye fundi, anayetaka kifaa kimoja cha kila siku, asitafute zaidi ya hapa. Tahadhari moja: ubavu wake ulio wazi unakusanya uchafu wa mfukoni, na nyuzi za nguo hujificha kwenye kiungo.

Nafasi ya nne: makoleo ya pete ya funguo

Gerber Dime ni mfano mzuri. Ina gramu 62 hivi, na koleo lake lina springi inayolifungua lenyewe. Linashika zipu iliyoachia, linanyoosha pini, linachomoa waya mwembamba. Usilitumie kwenye nati. Mpini mfupi ni wenzo mfupi, na kanuni ile ya sentimita inafanya kazi dhidi yako hapa. Bisibisi zake ndogo nazo ni za betri ya mwanasesere, miwani na vitu vya namna hiyo.

Karibu na kundi hili kuna Victorinox Classic SD ya milimita 58, isiyo na koleo kabisa. Mkasi wake mdogo unafanya kazi kuliko unavyotarajia. Kifaa hiki ni zawadi nzuri, ila usikiite mbadala wa koleo.

Nafasi ya mwisho: kadi za chuma na vifaa vya zana 20 na kitu

Kadi bapa ya chuma yenye matundu ya nati haina mpini, na bila mpini hakuna nguvu. Vile vikubwa vyenye nyundo na shoka ubavuni ndivyo vilivyonifundisha chini ya sinki. Vikiandikwa "stainless" bila kutaja aina ya chuma, elewa kwamba neno hilo halisemi ugumu wala ubora. Linasema tu kwamba kuna kromiamu ya kutosha kupunguza kutu. Chuma cha aina ya 3Cr13 kina kromiamu ya asilimia 13 hivi na kaboni ndogo: hakishiki kutu haraka, kinanoleka kwa urahisi, lakini makali yake hayadumu. 420HC inayotumika kwenye Wave+ na Skeletool ina kaboni zaidi na hukaa na makali kwa muda mrefu kidogo.

Jambo la sheria usiliache. Vifaa vyenye kisu haviingii kwenye sehemu ya abiria ya ndege nchi nyingi, na kisu kinachoshika loki kina masharti yake. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu kutembea bila sababu maalumu na kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi sentimita 7.62, chenye loki kinakuhitaji uwe na sababu ya msingi. Soma sheria ya mahali ulipo kabla ya kulipa.

Ukishalinunua, lijaribu lote ndani ya siku za kurudisha bidhaa, si baada ya hapo. Tembea nalo kila siku, mfuko uleule. Likilowa maji ya chumvi, lioshe kwa maji yasiyo na chumvi, lifungue zana zote, likauke kabisa, kisha tone moja la mafuta kwenye kila kiungo na ufute yanayobaki. Mafuta mengi huvuta vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta kwenye kiungo huwa tope linalosaga pini taratibu hadi ile "tak-tak" inaanza.