Uzoefu wangu: safari ya kiangazi ya Kilwa na Msimbati niliyopangiwa na wakala

Mimi ni mkazi wa Lindi mjini, na kwa miaka mingi wageni wangu nimekuwa nikiwatembeza mwenyewe. Mwishoni mwa Juni, shule zilipokuwa zimefungwa, mama yangu na dada yangu anayeishi Dodoma walikuja pamoja na watoto watatu, nami kwa sababu ya kazi sikuwa na nafasi ya kuhangaika na boti, vibali na vyumba. Nikamwachia wakala mdogo wa safari, ambaye sitamtaja jina, atupangie siku 5: mbili Kilwa, moja ya njiani, na mbili za Mtwara na ufuko wa Msimbati.

Kuhusu mvua wakala alikuwa sahihi kabisa. Huku kusini hatuna vuli na masika kama walivyo wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, hivyo anayetaka anga kavu anaweza kuchagua wiki yoyote kati ya Juni na Oktoba. Siku zote 5 hatukuona tone, na jioni ilikuwa na ubaridi uliomfanya mama ajitande kanga mbili.

Tatizo ni kwamba ratiba yetu ilipangwa kana kwamba ukavu wa anga ndio jambo pekee. Pwani hii, Juni hadi Agosti ni wakati wa kusi, upepo unaochafua bahari hasa kuanzia adhuhuri. Na juu ya upepo kuna maji kupwa na maji kujaa, ambayo hayaangalii kalenda ya ofisini.

Siku ya kwanza Kilwa ilikwenda vizuri. Boti ilitoka Kilwa Masoko asubuhi na mapema, na kufika Kilwa Kisiwani ni mwendo mfupi tu. Mwongoza wageni aliyepangwa na wakala alikuwa hodari kweli: alitupitisha Gereza, yaani ile ngome ya kale, na Msikiti Mkuu bila haraka, kisha akatupandisha hadi Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, kwenye lile bwawa la pembe nane, ambapo mpwa wangu mdogo alitaka kujua kama Ibn Battuta, yule msafiri wa kale, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliogelea humo. Mwongozaji alicheka, akamjibu kwamba aliyekuwa na ruhusa ya kuoga hapo alikuwa sultani mwenyewe, na kwamba mgeni huomba kwanza. Kwa siku hiyo moja nampa wakala alama zote.

Siku ya pili ilikuwa ya Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, nayo iliangukia katika bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, siku moja baada ya mwezi mpevu. Ratiba ilisema tufike saa nne na nusu asubuhi. Mvuvi yeyote wa hapa angemwambia wakala kwamba siku za bamvua maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, na Songo Mnara mtu hushukia upande wa mikoko, mahali ambapo maji yakitoka hubaki tope. Boti ilikwama mbali na nchi kavu. Nahodha alizima injini, akamtazama mama, akasema, "Mama, shikamoo tena, lakini hapa ama tusubiri hadi saa saba, ama tushuke kwa miguu." Mama, mwenye miaka 68, alikunja kanga na kushuka, tope likampanda hadi magotini, huku nahodha akimshika mkono mmoja na dada mwingine. Magofu aliyapenda, lakini ndara yake moja imebaki kule.

Mtwara nitaieleza kwa ufupi. Nyangumi tulioahidiwa hatukuwaona, kwa sababu kusi lilivuma siku zote mbili na nahodha, kwa busara, alikataa kutoka. Isitoshe, nyangumi hao hupita kuanzia Julai, kwa hiyo hata ahadi yenyewe ilikuwa ya mapema mno. Gari tulilopewa la kwenda Msimbati lilikuwa Noah, na lilizama kwenye mchanga kabla hatujaiona bahari. Vijana wa kijijini walilisukuma kwa malipo ambayo hayakuwa kwenye hesabu ya wakala. Ufuko wenyewe, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ulitusahaulisha yote. Njiani tulinunua ming'oko, viazi vyetu vya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na ndimu, ambayo dada hakuwa ameijua, na akarudi Dodoma na mfuko mzima.

Nilipolalamika, wakala hakubishana. Alirudisha fedha ya boti ya nyangumi, ingawa ya gari alisema ni "hali ya barabara", jibu ambalo silikubali hadi leo, kwa kuwa mchanga wa Msimbati haukuletwa siku ile.

Oktoba nilimjaribu tena, safari hii mimi na mama tu, kwa kuwa watoto walikuwa darasani. Kusi lilikuwa limekwisha, bahari ya maleleji, kipindi cha utulivu kati ya pepo mbili, imetulia kama maji ya mtungi, ingawa jua lilikuwa kali na vumbi jingi, na kando ya barabara mabibo yalinukia kila mahali. Mara hii nilimwandikia mambo matatu kabla ya kulipa: anipe saa za maji kujaa kwa kila siku ya boti, gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne, na viingilio viandikwe kimoja kimoja. Alitimiza yote. Songo Mnara tulishuka saa kumi na moja alfajiri ikikaribia kupambazuka, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko, na mama alitembea hatua sita tu majini. Aliniomba niulize kama kuna aliyeokota ndara.