Kile kiti kilikuwa cha nani? Uzoefu wangu Kilwa Kisiwani

Nianze na kiti, maana kila nikiikumbuka safari ile ni kiti ninachokiona. Kiti cha kukunja, kitambaa cha buluu, kimewekwa kivulini mbele ya Msikiti Mkuu na hakuna aliyekikalia. Mama yangu kaegemea ukuta, miguu imemvimba. Nikamwambia kijana aliyekuwa anatuongoza, "Kaka, naomba hicho kiti bimkubwa apumzike kidogo." Hata hakugeuka. "Hicho cha wageni, dada."

Cha wageni! Sisi tumetoka Lindi mjini alfajiri, tumeshuka Nangurukuru, tumeunga gari nyingine mpaka Kilwa Masoko, mashua zinakoondokea kwenda kisiwani, tumelipa kibali, tumelipa mashua, na yeye tumemlipa. Wageni wenyewe, Wazungu wawili tuliochanganywa nao bila kuulizwa, walikuwa ndani huko wanapiga picha makuba, kiti hawana habari nacho. Tungewaomba wao wangetupa, wallahi.

Ofisi iliyotuandalia safari siitaji, na wala sisemi waongozaji wote wa Kilwa wako hivyo. Nasema huyu.

Halafu maelezo. Kwa wenzetu Kiingereza kilimtiririka: msikiti ulianza karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, mawe ya matumbawe, chokaa, dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, iliyopita hapa ikielekea ng'ambo, vyombo vya kauri kutoka China. Akitugeukia sisi: "Huu msikiti wa zamani sana. Haya, twendeni." Ndiyo kwanza nikaelewa maana ya "mtalii wa ndani": unalipa nafuu na unaelezwa nafuu. Ikabidi niwe nasikiliza ya Wazungu kwa wizi na kumnong'oneza mama, kama mwanafunzi anayepeana majibu kwenye mtihani.

Na katika kuiba huko ndipo nikasikia kisa kilichonimaliza. Aliwaambia Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hassan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Siku moja sultani anatoka swala ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha, akamwomba nguo alizovaa. Hizo hizo za mwilini. Sultani akaenda akavaa nyingine, zile akampa. Kijana wetu kakisimulia kisa hiki vizuri mno, mpaka mikono inacheza, naye amesimama hatua tatu kutoka kwenye kile kiti! Nilicheka peke yangu, cheko la hasira.

Mahali penyewe sipaonei. Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, viliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya vilivyo hatarini, na mwaka 2014 vikatolewa humo baada ya kazi ya kuyaokoa magofu. Ukiingia msikitini, ukasimama kati ya zile nguzo ukatazama juu, unanyamaza mwenyewe. Sawa, mawe yameokolewa. Ulimi wa yule kijana utaokolewa na nani?

Tulipofika zamu ya Husuni Kubwa, jumba la kale ambalo tulishalilipia, akatamka mbele ya watu wote, "Mama huyu hawezi, atatuchelewesha, maji yanakupwa." Hapo nilitaka turudi Masoko na hela zangu nidai. Mama ndiye aliyenisukuma: "Nenda, mwanangu. Ukanisimulie." Nikaenda, nimenuna njia nzima. Nilikuta jumba la sultani lenye vyumba zaidi ya 100 juu ya mwamba, bahari chini yake, na birika la kuogea la pembe nane. Birika kavu, mjusi mmoja kajianika ukingoni, hana haraka. Kununa kukaniishia, nakiri. Kukarudi nilipokumbuka nani hayupo kuona.

Niliporudi nikamkuta mama kajinyoosha kwenye mkeka, dafu mkononi, anacheka na mama mmoja wa kijijini aliyemwona pale ukutani akamhurumia. Kisiwa kina watu, jamani, si magofu matupu. Yule mama hakuuliza nani mgeni nani mwenyeji.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua alama ya kuipa safari hii: nyota moja, tena hiyo ni ya nahodha. Ila niseme na hili, maana mama atasoma. Wakati wa kupanda mashua maji yalikuwa yameshatoka kweli, imesimama mbali na ufuko. Yule kijana alivua viatu, akaingia matopeni, akamshika mama mkono na kiuno mpaka akampakia, suruali yake yote ikaharibika. Hakusema neno. Wazungu walijipandia wenyewe, na kile kiti kilisahaulika ufukoni, akarudi kukifuata peke yake.

Sasa nyota ngapi? Nilimwuliza mama tukiwa garini. Akasema anataka kwenda Songo Mnara kabla ya Ramadhani. Nikamwambia sawa, ila tutatafuta mwongozaji mwingine.

"Mwingine wa nini? Yule yule, nimeshamzoea. Kiti nitabeba changu."