Lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM: Miezi Mitatu Bila Kutoka Nje ya Uzio

Karibuni, watazamaji. Hii niliyoishika ni lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015, yenye uzito wa gramu 160 tu. Nimeitumia miezi mitatu kwenye kamera ya EOS 2000D na kwa makusudi sikutoka nayo nje ya uzio wa nyumba yangu, kwa sababu nilitaka kujua kama inaweza kumfundisha kupiga picha mtu asiye na simba wala maharusi wa kupiga, bali ana jiko, dirisha na kamba ya kuanikia nguo.

Lenzi hii haivuti. Ukitaka kikombe kionekane kikubwa, sogea wewe. Lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera yangu ilikuwa imenizoesha kusimama mahali pamoja nikizungusha pete, lakini hii imenilazimisha kuinama, kupiga magoti na hata kulala sakafuni, na huko ndiko nilikogundua kwamba mbuzi ya kukunia nazi, ambayo tangu utotoni nimeitazama kutoka juu tu, ina meno yanayotupa vivuli virefu pindi jua la asubuhi linapoingia kwa mlango wa uani.

Sasa tazameni picha hizi mbili za birika, zilizopigwa kutoka mahali palepale. Namba ya f hupima tundu la lenzi linalopitisha mwanga: kwenye f/1.8 mdomo wa birika uko wazi kabisa ilhali mkono wake umefifia kama ulio nyuma ya ukungu. Kwenye f/8 kila kitu kinaonekana, pamoja na ufa wa ukutani ambao sikukusudia kuwaonyesha. Namba ndogo ina maana ya tundu kubwa, jambo lililonitatiza kwa muda mrefu mpaka nilipopanga vikombe sita kwa mstari juu ya meza na kuvipiga kwa kila namba, nikihesabu vikombe vilivyobaki wazi.

Tundu hilo ndilo linaloifaa nyumba yenye dirisha moja. Lenzi ya 18-55mm ikivutwa hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu, kwa hiyo hii hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi: picha iliyohitaji sekunde 1/10, muda ambao mvuke wa chai hugeuka kuwa doa jeupe, hupigwa kwa 1/100. Hata hivyo haina kitulizi cha mtikisiko, basi egemezeni viwiko mezani.

Kasoro zake zipo. Haiwezi kulenga kitu kilicho karibu zaidi ya sentimeta 35, na ingawa lundo la karafuu lilitoka vizuri, karafuu moja ilibaki punje katikati ya picha. Kwa kazi hiyo ile 18-55mm, inayokaribia hadi sentimeta 25, inaishinda, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Tena, kwa kuwa sensa ya kamera hii, yaani kibamba kinachopokea mwanga, ni ndogo, lenzi huona eneo finyu kama lenzi ya 80mm, na katika jiko dogo mgongo hufika ukutani kabla sahani ya wali haijaenea kwenye picha. Nimekwisha kumwaga ndoo moja ya maji kwa kurudi nyuma bila kuangalia. Kwenye f/1.8 kingo za sufuria inayong'aa huzungukwa na rangi ya zambarau, ambayo hupungua sana ukifika f/2.8.

Mwenye kamera ya Canon ya mfumo wa RF, ule wa kamera zisizo na kioo ndani, atahitaji adapta ya kuiunganisha, na gharama yake aijumlishe mapema. Anayeuziwa iliyotumika asome kwanza kama imeandikwa STM (aina ya mota ya kulenga), kisha aigeuze nyuma: pete ya plastiki ya kuungia kwenye kamera ni ya toleo la mwaka 1990, ambalo hukaribia hadi sentimeta 45 tu, na kwa picha za mezani sentimeta hizo 10 utazitafuta kila siku.