Mnasihi ni mzuri, ila dirishani walimwanika mdogo wangu

Kama una kijana unayetaka kumpeleka kwa mnasihi, yaani mshauri wa afya ya akili, kwenye huduma za vijana pale kituo cha afya tulichokwenda sisi hapa Mwanza, usimpeleke. Jina la kituo nalihifadhi, lakini waliopita pale wataelewa.

Kumpata tu mdogo wangu akubali kutoka nyumbani ilikuwa kazi. Ana miaka 17. Alikuwa hapati usingizi, chakula anakigusagusa tu, na hata soko la Mwaloni kumsaidia mama kwenye dagaa alikuwa haendi tena. Baba mdogo akasema kalogwa. Shangazi akataka maombi. Mimi nikasema hospitali, naye akakubali kwa sharti moja: watu wasijue.

Basi tumefika, dada wa mapokezi kachukua daftari, kasoma, halafu kapaza sauti ukumbi mzima: "Huyu wa akili ni nani? Asogee huku!"

Benchi zima likageuka. Na kwenye benchi hilo alikuwepo mama anayeuza mkaa mtaani kwetu! Mdogo wangu akavuta kofia ya sweta mpaka machoni, akatoka nje. Nilimwahi getini. Niliporudi nikamwambia yule dada kwa upole kabisa, "Dada yangu, si ungemwita kwa jina lake tu?" Akanijibu, "Kwani nimesema uongo? Kama mnaona aibu mngebaki kwenu."

Mngebaki kwenu! Wangapi wamebaki kwao kwa maneno kama hayo? Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, yaani watoto wa shule. Na kwa sheria yetu, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Familia iliyomkuta mtoto na kamba tayari inaogopa polisi, inaogopa majirani, halafu ikijikaza ikafika dirishani inatangazwa kama mnada. Mimi nasema yule dada ahamishwe, akapange mafaili huko ndani asikoonana na mtu.

Haya, na mnasihi je? Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, maana yule kaka ni mtu wa maana sana. Alifunga mlango, akaniomba nitoke, akamwuliza mdogo wangu anapenda aitwe nani. Walikaa humo mpaka nikaanza kuhangaika. Hakumpa kidonge hata kimoja. Akatueleza kwamba ataendelea kuzungumza naye, na ikionekana haja atamwandikia rufaa kwenda hospitali ya Bugando kwa daktari wa magonjwa ya akili. Tulipofika barabarani mdogo wangu akasema, "Dada, nina njaa." Mwenye mgonjwa wa aina hii anajua neno hilo lina uzito gani. Alikula chapati na maharage yote, akaongeza.

Kwa hiyo lile la kusema msiende nalifuta. Nendeni.

Ila sikilizeni na hili. Mnasihi, kwa nia njema, alituambia siku nyingine tuzunguke nyuma, tupitie upande wa kliniki ya mama na mtoto, tusipite mapokezi. Nilishukuru pale pale, lakini nimefika nyumbani damu inachemka. Mtoto hajaiba, kwa nini aingie kwa kujificha? Kuita mtu kwa jina au kwa namba kunahitaji bajeti gani?

Mnasihi nampa nyota zote, mapokezi sitoi hata moja. Nyie mnaompeleka mtoto, tangulieni nyinyi dirishani, yeye asubiri nje mpaka aitwe. Na kama hajafika miaka 18 na hataki kabisa kuonekana hospitali, kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure. Sisi kliniki ijayo tunarudi. Mimi nataka tupite mlango wa mbele, yeye anautaka wa nyuma, na mpaka sasa hatujakubaliana.