Radio Okapi, kwa anayetaka kuielewa vita ya Kivu

Kwetu Kigoma habari za mapigano ya mashariki mwa Kongo hufika na watu kabla ya kufika na magazeti, kwa kuwa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, imo mkoani mwetu, na majirani zetu wengi wana ndugu Uvira na Fizi. Hufika, hata hivyo, zikiwa zimechanganyika na uvumi, ndiyo maana kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizipima kwa Radio Okapi.

Redio hii ilianza kusikika tarehe 25 Februari 2002, siku ileile Wakongo walipofungua mazungumzo yao huko Sun City, Afrika Kusini. Iliundwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi, Fondation Hirondelle, na hutangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kitshiluba.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba hutaja kijiji, barabara na msemaji. Nimebandika ramani ya Kivu ukutani, na kwa penseli nimezungushia kila mji uliotekwa na kundi la waasi la M23: Bunagana mpakani mwaka 2022, Rubaya penye machimbo ya koltani mwaka 2024, Goma Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Ukiitazama alama baada ya alama, unaona jinsi mipaka, barabara na madini vinavyobeba uzito katika vita ambayo wengi wetu tumezoea kuiita ya ukabila tu.

Kwa upande wa amani, kipindi cha Dialogue entre Congolais huwakutanisha watu wa serikali, wa upinzani na wa asasi za kiraia. Kusikiliza hoja zao kumenizoesha kuuliza nani hasa ametia saini: mkataba wa Washington wa tarehe 27 Juni 2025 ni wa Kongo na Rwanda, ilhali tamko la Doha la tarehe 19 Julai ni la serikali ya Kinshasa na M23, na mtaani kwetu hayo mawili huzungumzwa kama jambo moja.

Kazi hii imegharimu uhai. Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waandishi wake wa Bukavu, waliuawa kwa risasi mwaka 2007 na 2008.

Msikilizaji akumbuke pia kwamba redio hii ni ya Umoja wa Mataifa, hivyo habari zinazoihusu MONUSCO yenyewe, yaani ujumbe wa kulinda amani wa Umoja huo nchini Kongo, kama maandamano ya Goma ya Julai 2022, azilinganishe na vyanzo vingine. Tovuti yake ni ya Kifaransa. Asiyekijua ashike taarifa ya Kiswahili, ambayo lafudhi yake ya Kivu huzoeleka baada ya siku chache.