Riwaya za wapelelezi wa mtaani: maoni yangu baada ya kuzisoma kwenye baridi ya Mbeya

Kama unatafuta vitabu vya bastola, majasusi na magari kufukuzana, huu uzi siyo wako. Mimi naongelea zile riwaya za mauaji ambazo anayepeleleza siyo polisi, ni bibi mstaafu tu, au mama muuza keki, au mtu mwenye duka la vitabu, na mambo yote yanatokea kwenye kamji kadogo ambako kila mtu anajua jirani yake jana kala nini. Mtu anakufa mapema tu lakini damu huioni, matusi hakuna, wakiingia chumbani mlango unafungwa na wewe msomaji unabaki sebuleni. Polisi wanakuja wanamkamata asiyehusika, halafu mama wa watu anaanza kuzunguka na kikapu chake anauliza uliza.

Huku kwetu hivi vitabu vinapatikana kwa wauza mtumba wa vitabu, vinakuwa vimechanganywa na Biblia, vitabu vya kidato cha nne na magazeti ya kizungu ya mapishi. Bei inategemea na sura yako ila kwa kawaida haizidi hela ya bia mbili. Na kwa mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya, saa kumi na mbili jioni vidole vimeshakufa ganzi, sijaona starehe inayoshinda blanketi zito, chai ya Tukuyu yenye tangawizi na maiti ya mtu ambaye hata hukumpenda toka ukurasa wa kwanza.

Sasa kwanini vimenikamata. Nimekulia Tukuyu, na Tukuyu mvua ikinyesha watu wanakaa ndani na wakikaa ndani wanaongea, basi nilivyofungua hivi vitabu nikaona kumbe kuna wazungu wameandika habari za shangazi zangu. Humo ndani silaha kubwa ni umbea, wala siyo alama za vidole au maabara. Nani alionekana anashuka kwenye basi la asubuhi, nani kanunua sukari nyingi kuliko kawaida yake, nani siku hizi hamsalimii nani kanisani. Polisi hawavijui hivyo vitu kwa sababu siyo wa hapo. Wenyeji wanavijua sana, tatizo ni kwamba kila mmoja ana kipande chake, na kinachotakiwa ni mtu mmoja mwenye muda wa kupita kwa wote kunywa chai.

Malkia wa hii kazi ni Miss Marple, bibi mpelelezi kwenye vitabu vya Agatha Christie, hilo sibishani na mtu. Riwaya ya kwanza yenye huyu bibi ilitoka 1930, inaitwa The Murder at the Vicarage, na anayesimulia ni mchungaji mwenyewe wa kijiji cha St Mary Mead. Kuna kanali mmoja, Protheroe, mkorofi mno, mpaka mchungaji anajikuta anasema mezani kwamba atakayemuua huyu mtu atakuwa ameisaidia dunia, halafu haipiti muda kanali anakutwa kapigwa risasi palepale kwenye ofisi ya mchungaji. Hebu fikiria wewe ndo mchungaji, umetamka hivyo mbele za watu, kesho yake mzee wa kanisa kafia kwenye meza yako, wapi utaenda kujieleza! Humo kuna na saa ya mezani ambayo nyumba nzima wanajua huwa inatangulia robo saa ila mgeni hawezi kujua, na hapo kwenye hiyo robo saa Christie anakuchezea akili mpaka unarudi nyuma kusoma upya.

Lakini utamu kwangu ni namna huyu bibi anavyofikiri. Anamwangalia mshukiwa, hamuulizi mengi, anakumbuka tu kuna mtu mwingine pale kijijini aliwahi kuwa na tabia kama hii na mwisho wake ulikuwa hivi. Shangazi yangu mmoja yuko hivyohivyo. Unamletea mchumba nyumbani, anamwangalia anavyokula ndizi, akiondoka anakwambia "huyu ananikumbusha yule mume wa Tabu, wa kule Ushirika", na baada ya mwaka unakuta kumbe alikuwa sahihi, hela ya mchango wa harusi haijulikani iko wapi. Watu wanamchukulia Miss Marple kama bibi wa kusuka sweta tu, wanaongea hovyo mbele yake. Ndo wanapoumia. Huyu nampa tano kwa tano, ila Kiingereza chake ni cha zamani kidogo, majina ya watu ni mengi mwanzoni na usiposoma kwa utulivu utawachanganya.

Ukitaka kucheka chukua Agatha Raisin wa M.C. Beaton, mama wa Kiskoti ambaye jina lake hasa ni Marion Chesney na alifariki 2019. Kitabu cha kwanza ni cha 1992. Huyu Agatha kaacha kazi London, kahamia kijiji kinaitwa Carsely, anataka kupendwa na wanakijiji kwa nguvu, basi anaingia mashindano ya kupika pai ya mayai na jibini. Kupika hajui. Anaenda kununua pai dukani London anaileta kama yake, jaji anakula, anakufa kwa sumu. Sasa ili ajitetee kwamba siyo yeye aliyeweka sumu inabidi kwanza akubali kwamba hata pai siyo yake, na kwa mama mwenye kiburi kile bora aende jela! Ana mdomo, anavuta sigara, ana wivu, yaani siyo mtu mwema kihivyo na ndo maana nampenda. Tatizo ukisoma viwili vitatu mfululizo unaanza kuona mshono, kila kitabu mwanaume yuleyule jirani, ugomvi uleule. Soma kimoja, kaa, rudi baadae.

Vile vya paka vya Lilian Jackson Braun havijanikaa kabisa. Najua vina wapenzi wengi, cha kwanza kilitoka 1966 na mama akaendelea kuviandika miaka na miaka. Mhusika ni mwandishi wa magazeti, Qwilleran, ana paka wa Kisiam anaitwa Koko ambaye anadondosha vitabu kabatini na kukwaruza vitu, na kumbe ni dalili za muuaji. Mji wenyewe ameuchora vizuri, upo mbali kaskazini huko Marekani, baridi kali, watu wa ajabu ajabu. Ila paka anayemjua muuaji? Huku kwetu paka akianza mambo hayo hatumwandikii kitabu, anaitiwa maombi usiku huohuo.

Haya, sasa niwaambie kile nilichokuwa nakinunulia watu zawadi. The No. 1 Ladies' Detective Agency cha Alexander McCall Smith, 1998, mzungu aliyezaliwa Bulawayo. Wabishi watasema hiki hakistahili kuwa kwenye hili kundi, kwa sababu mpelelezi wake, Mma Ramotswe, amefungua ofisi kabisa na Gaborone, mji mkuu wa Botswana, siyo kijiji. Sawa, ila mpelelezi huyu kaujua upelelezi kwa kusoma kitabu cha maelekezo, hela ya kuanzia kaipata kwa kuuza ng'ombe alioachiwa na baba yake, na mauaji ni machache mno, kesi nyingi ni za waume wasiorudi nyumbani na watoto wanaodanganya wazazi. Kuna moja ya mzee anajitokeza kwa binti mwenye uwezo, anasema mimi ndo baba yako uliyepotezana naye, anahamia, anakula, anashiba, anaanza na kuagiza vitu. Mma Ramotswe anamtokea kavaa kama nesi, anamwambia binti yako kapata ajali, inatakiwa damu ya baba, nyingi, na huenda ukafa katika kumtolea. Mzee anakana ubaba palepale. Nilicheka peke yangu kwenye daladala ya Uyole mpaka konda akaniuliza kama niko salama.

Halafu humo ndani kuna sura ya baba yake, Obed Ramotswe, anasimulia maisha ya kwenye migodi ya Afrika Kusini, chini kule gizani, na vumbi lililomharibu mapafu. Hapo sikucheka. Sisi wa Rungwe na Kyela tuna wazee waliopelekwa kwenye migodi hiyohiyo, walikuwa wanasema wameenda na Wenela, yaani lile shirika lililokuwa linaandikisha watu wa kwenda migodini, wengine walirudi na baiskeli na masanduku ya bati na wengine walirudi na kikohozi kisichoisha. Sikutegemea kuwakuta kwenye kitabu cha kusomea chini ya blanketi. Kiingereza chake nacho ni chepesi, sentensi fupi, hata mtoto wa kidato cha pili akishikiwa mkono anamaliza.

Kwa wanaosema "mbona vyote vya kizungu", nyie mtafuteni mpelelezi Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilitoka 1960, Bwana Msa na kiko chake mdomoni pamoja na rafiki yake Najum, mambo yako Unguja, mwili wa Bwana Ali unakutwa kwenye mzimu na watu wote wanaogopa mizimu isipokuwa yeye. Bwana Msa na Miss Marple ni damu moja, anasikiliza kuliko anavyoongea. Kiswahili chake ni cha pwani hasa, sisi watu wa nyanda za juu tunasoma na kamusi pembeni bila aibu.

Kitu kimoja cha kuzingatia mkienda kununua mtumba: usilipe kabla hujafungua nyuma. Hivi vitabu vinapita mikono mingi na kurasa za mwisho ndo zinaanza kung'oka, na kitabu cha aina hii bila kurasa za mwisho ni sawa na kumwagiwa uji. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, nilimrudishia kitabu kinachoishia pale mama anaposema "muuaji yuko humu chumbani", akakikung'uta vumbi, akanijibu, "Si umeshakisoma chote dada, kilichobaki kwani ni nini, jina tu?"