Chemba ya oksijeni ya hospitali: nyota 4, na nyingi ni za usumbufu wa mlangoni

Jina la kituo naliacha. Chemba yao ni ya mtu mmoja, lile tyubu la plastiki nene unaonekana wote ukiwa ndani, na daktari alinipeleka kwa sababu ya kidonda cha mguu cha kisukari kilichogoma kupona. Unalala humo unavuta oksijeni tupu kwenye presha ya kama mara 2 ya hewa ya kawaida au zaidi kidogo. Oksijeni yenyewe haiwaki ila inafanya nguo, nywele, shuka, kila kitu kishike moto kufumba na kufumbua, na mlango haufunguki mpaka presha ishuke kwanza, sasa hapo utakimbilia wapi?

Ndo maana ule ukaguzi wao nimeupenda japo unachosha kweli. Unavua vyote unapewa gauni la pamba tupu. Simu, saa na pawabenki kuachwa nje nilitegemea, ila yule dada akaniuliza leo umejipaka nini, nikamwambia mafuta ya mgando tu kwenye visigino, akanirudisha bafuni nikaoshe kwa sabuni! Losheni, pafyumu, spreyi ya nywele, yote hapana, na kuna mama alinuna kweli kuambiwa avue wigi lakini alivua. Halafu wanakufunga mkanda mkononi wenye waya wa ethi ili umeme wa msuguano usije ukatoa cheche, na fundi anaupima na kimashine kabla hajafunga mlango, hata kama jana yake ulikuwa mzima.

Anayeona wanazidisha akumbuke Milan, Italia, mwaka 1997, chemba iliwaka moto watu 11 wakafa na chanzo kilitajwa kuwa kifaa cha kupashia mikono moto ambacho mgonjwa aliingia nacho. Na Januari 2025 huko Troy, Michigan, chemba iliwaka ikaua mtoto wa miaka 5, waendesha mashtaka wakasema hakufungwa huo mkanda wa ethi. Kitu kidogo hivyo.

Ndani kwenyewe shida kubwa ni masikio. Presha ikipanda yanaziba kama uko kwenye ndege inashuka, unameza mate, unapiga miayo, au unabana pua unapuliza taratibu, na yakianza kuuma sema hapohapo wasimamishe, usijikaze kiume maana ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Ukiwa na mafua wanakuahirisha. Kifua walinipiga eksirei kabla ya yote, manake mwenye pafu linalovuja hewa haingii kabisa mpaka atibiwe. Sukari wanapima kabla na baada kwa sababu huwa inashuka, na katikati wanakupa maski uvute hewa ya kawaida dakika chache, oksijeni ikizidi mwilini mtu anaweza kupata degedege. Fundi hatoki pale hata sekunde, hilo nawapa kongole.

Nyota moja nimekata kwa sababu spika ya kuongea na fundi inakoroma, mara nyingine tunaishia kuonyeshana vidole, na kwenye kitu cha usalama hiyo siyo sawa. Pia hakuna aliyeniambia kwamba ukienda mara nyingi macho yanaweza kubadilika ukawa unaona mbali kwa shida kwa muda, mpaka nilipouliza mwenyewe.

Wanaouliza kuhusu zile chemba laini za zipu za nyumbani: presha yake ni kama mara 1.3 tu ya hewa ya kawaida, usitegemee zifanye kazi ya hii, na tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishaonya watu kwamba haijathibitika chemba za oksijeni zinatibu usonji. Kama unaing'ang'ania basi hakikisha zipu inafunguka kutoka ndani, valvu ya kupunguza presha unaifikia ukiwa umelala, na kuna mtu mzima nje anakuangalia muda wote, siyo anaenda jikoni anarudi.